Jaketi Lililokataa Kukauka

Katika mji wa Shirotori, kisiwani ng'ambo ya Osaka, ukipiga hodi nyumba yoyote utamkuta mtu anayeshona glavu, au aliyewahi kuzishona akaacha macho yalipochoka. Bi Hisae Manabe alianza kazi hiyo akiwa msichana mwenye nywele za kusuka, akazeekea kwenye cherehani ile ile karibu na dirisha lile lile. Wenzake karakanani walikuwa wakisema kwamba glavu ikipita mikononi mwa Hisae, mkono wa mtu huingia humo kama umerudi kwao.

Mumewe, Katsuji, alikuwa mkata ngozi katika karakana hiyo hiyo. Alikuwa mrefu, mpole, na maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya kiangazi. Kabla hawajaoana aliokota mabaki mazuri ya ngozi ya mbuzi, akayakata vipande vya jaketi, akamletea Hisae vimefungwa ndani ya gazeti. Hakusema anampenda. Alisema tu, "Vishone, basi." Hisae akavishona. Jaketi likatoka jeusi, zito, linang'aa, na kabla mwaka haujaisha wakawa mume na mke.

Tangu hapo ukimwona Katsuji umeliona jaketi. Alilivaa kwenda kazini kwa pikipiki, alilivaa kupeleka machungwa kwa dada yake, alilivaa akimpakia nyuma binti yao Satsuki, naye mtoto akilaza shavu mgongoni pake hadi shuleni. Miaka ikala rangi. Ule weusi ukawa kahawia, kahawia ikawa rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Kila baridi ilipokaribia Katsuji alisema, "Mwaka huu nitalitia rangi."

"Mwaka huu umekusikia," Hisae alimjibu kila mara, "nao unacheka."

Katsuji akafa majira ya vuli, machungwa yalipoanza kuiva vilimani. Akafa na kiu.

Mapafu yake yalikuwa yameharibika, na kila alichomeza kilipotea njia kikaingia kifuani. Juu ya kitanda cha hospitali waliweka kibao: mgonjwa huyu asipewe maji. Hisae alimlowesha midomo kwa pamba, si zaidi ya hapo. Alasiri moja Katsuji alifumbua macho, akalitazama jagi lililokuwa dirishani, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haya, "Mama Satsuki, maji. Kidogo tu."

"Subiri kidogo, Baba Satsuki. Daktari akiruhusu."

Hakuomba tena. Kesho yake alifariki. Alipokwisha kukata roho walimpa Hisae kikombe na ufito wenye pamba, amloweshe midomo kwa mara ya mwisho kama desturi inavyotaka. Maji hayakuingia. Yalitiririka pembeni mwa mdomo, yakashuka shingoni, yakalowesha ukosi wa nguo aliyovaa mpaka kifuani. Hisae aliyafuta kwa kiganja. Hakumwambia mtu, lakini ule ubaridi ulibaki kiganjani, na kila aliponawa mikono aliukumbuka.

Siku ya mazishi wifi yake, Bi Tsuruyo, dada mkubwa wa marehemu, alikuja amebeba mwanzi mrefu begani na kata ya kutekea maji. Wazee wa upande ule wana jambo lao: nguo ya marehemu hupitishwa kwenye mwanzi, ikatundikwa nyuma ya nyumba, uso wake ukielekezwa kaskazini, ikawa inamwagiwa maji isikauke mpaka siku ya arobaini na tisa, roho inapomaliza safari yake. Njia ya roho, wasemavyo wazee, hupita penye moto. Ndiyo maana hakuna mtu aliye hai anayeanika nguo yake ikitazama kaskazini.

Satsuki, aliyekuwa amekuja kutoka Osaka na macho yaliyovimba, aliutazama ule mwanzi akachoka.

"Shangazi, siku hizi nani anafanya hayo?"

"Mimi nafanya. Mama yangu alifanya. Wewe ukifa huko Osaka sijui watakutundika kwenye kitu gani, kwenye lifti?"

Kijana wa kampuni ya mazishi, mwenye glavu nyeupe, alitabasamu kwa adabu. Watu wakamtazama Hisae, maana yeye ndiye mwenye marehemu. Hisae akainamisha kichwa. Bi Tsuruyo akangoja, kisha akabeba mwanzi wake akarudi nao kwake, na kata ikigongagonga njiani.

Kabla hajaondoka, Satsuki alimwambia mama yake, "Mimi sitaki kitu kingine chochote. Nipe jaketi la Baba."

Vitu vya marehemu havigawiwi kabla ya arobaini na tisa. Hisae alimshika mkono. "Siku hiyo utalivaa, mwanangu. Na utalivaa likiwa jeusi, kama lilivyotoka mikononi mwangu. Nakuahidi."

*

Basi wiki chache kabla ya siku yenyewe, Hisae alikunja mikono ya nguo akaanza kazi. Alilifuta jaketi kwa spiriti mpaka mng'ao wote wa zamani ukaondoka, akalisugua kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya ngozi, akilipitia kishono kwa kishono. Mfukoni alikuta tiketi ya kuoshea pikipiki na ganda la chungwa lililokauka kama karatasi. Ganda akalirudisha.

Ngozi haianikwi juani, hupasuka. Kila mshona glavu anajua hivyo. Upande wa kusini wa nyumba ulikuwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo akalipeleka nyuma, chini ya upenu, karibu na kisima cha zamani, penye kivuli na upepo. Akapitisha mwanzi wa kuanikia nguo katika mikono ya jaketi, akautundika. Ndoano zilikuwa zimekaa kwa namna moja tu, na jaketi likatundikika kwa namna hiyo.

Bi Tsuruyo alipita mchana akileta figili za chumvi. Akasimama kando ya kisima.

"Wifi, unajua umelitazamisha wapi?"

"Kivulini."

"Kaskazini, wifi. Umelitazamisha kaskazini."

"Ngozi haijui kaskazini wala kusini. Inajua jua na kivuli."

"Ngozi haijui, sawa. Na mwenyewe je?"

"Ile nguo ya wafu humwagiwa maji. Hili mimi nalikausha."

"Haya, kausha," alisema Bi Tsuruyo, akiweka figili juu ya kisima. "Na figili ule, umekonda kama ufagio wa hekalu."

Jaketi likakauka. Kesho yake Hisae akatia mkono wa kwanza wa rangi: sifongo ndogo, rangi kidogo, mizunguko midogo midogo, kutoka mgongoni kwenda mabegani, kutoka mabegani kwenda mikononi. Ngozi ya zamani ilinywa rangi kwa pupa. Jioni lilikuwa limeshika weusi, na Hisae alilala akiwa na amani kidogo.

Asubuhi alilikuta limelowa.

Halikulowa lote. Lilikuwa limelowa kuanzia ukosi, kushuka kifuani upande mmoja, mpaka karibu na mfuko. Kwingine lilikuwa kavu. Mwanzi ulikuwa mkavu. Chini yake, juu ya jiwe, rangi nyeusi ilikuwa ikidondoka tone moja moja, taratibu.

Umande, Hisae alijiambia. Lakini umande gani huu unaochagua? Akafikiri kama fundi: jasho la mtu lina chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Shingoni ndiko Katsuji alikotokwa na jasho. Akaosha ukosi kwa maji safi mara nyingi, akaukamua kwa taulo, akaungoja ukauke, akarudishia rangi pale ilipoondoka.

Asubuhi iliyofuata lilikuwa limelowa vile vile, kwa njia ile ile.

Akalihamisha. Alilileta barazani, mbele ya nyumba, mbali na kisima, nyuma ya milango ya vioo. Vioo vilikuwa vimefungwa, sakafu ya mbao ilikuwa kavu, na baridi ya alfajiri ilikuwa kavu hata midomo ya mtu ilipasuka. Jaketi lilikuwa limelowa. Maji yalianzia ukosini, yakashuka kifuani, kama ya mtu aliyekunywa kwa haraka mpaka yakamponyoka mdomoni.

Wazo hilo lilimjia bila kuitwa, na Hisae akalifukuza. Alikaa mbele ya madhabahu ya nyumbani, akapiga kengele ndogo, akamwita Daishi, mtakatifu ambaye watu wa kisiwa kile humwita wakiwa njiani na wakiwa shidani. Akaweka wali wa moto na kikombe cha maji mbele ya picha ya mumewe, kama alivyofanya kila siku. Jioni hiyo akaliingiza jaketi chumba kile kile, akalitundika ukutani mkabala na madhabahu. "Hapa," alisema kwa sauti, "sijui utayatoa wapi."

Alipofungua mlango kulipokucha, alisikia tone kabla hajaona kitu. Mkeka wa tatami chini ya jaketi ulikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Wali wa jana ulikuwa palepale, umekauka juu. Kikombe cha maji kilikuwa kitupu.

Hisae alikishika, akakigeuza. Hakikuwa na unyevu hata kwenye kitako. Akakaa chini kwenye mkeka, na kile kiganja alichofutia maji siku ile kikawa baridi hata akakificha kwapani.

*

Hakunywa chai. Alivaa kandambili akaenda moja kwa moja kwa wifi yake, akamkuta anakatakata majani ya figili.

"Wifi, niambie kweli. Ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unakuja kwangu na kata yako, unalimwagia maji jaketi la nduguyo, ili mimi nionekane mwanamke nisiye na desturi. Ni wewe?"

Bi Tsuruyo aliweka kisu chini. "Magoti haya unayaona? Kutoka hapa mpaka chooni nasali mara mbili njiani. Nitakuja kwako alfajiri, niruke ua, nifungue vioo, nilimwagie maji, nifunge, nirudi? Wifi, ungenisifu hivyo nilipokuwa msichana, ningekushukuru."

Hisae alitaka kucheka, kicheko kikageuka kitu kingine. Ndipo alipomweleza yote: ukosi, kifua, doa la mkekani, kikombe. Kisha akamweleza lile ambalo hakuwa amemwambia mtu, la jagi la dirishani, na "kidogo tu", na jinsi alivyojibu subiri.

Bi Tsuruyo alisikiliza bila kumkatiza.

"Ungempa, angesongwa mbele ya macho yako," alisema mwishowe. "Ulitii. Sikulaumu."

"Lakini aliomba, wifi."

"Aliomba. Na wewe ulimjua mumeo. Ndugu yangu hata alipokuwa mtoto hakuomba kitu mara mbili. Ukimwambia subiri, anasubiri." Akafuta mikono kwenye aproni. "Basi ndiyo hivyo. Anasubiri."

Hisae alizitazama zile figili. "Nikilimwagia maji litaharibika. Rangi yote itaondoka, ngozi itakakamaa kama gome. Nimemwahidi Satsuki. Hana kitu kingine cha baba yake."

"Hilo ni la kwako kuamua. Mimi siku ile nilileta mwanzi, nikarudi nao." Bi Tsuruyo akainuka kwa kushika ukuta, akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na ile kata, imefungwa kwa kitambaa safi kama kitu kinachongoja. "Chukua. Usipoitumia, utekee supu."

Hisae alitembea njia ndefu kurudi nyumbani. Miaka yote alikuwa ameishi kwa kuepusha ngozi na maji. Alikuwa amewakaripia wasichana karakanani kwa sababu ya tone moja la chai. Na sasa alilitoa jaketi chumbani, akalipeleka nyuma ya nyumba, akalirudisha kwenye ndoano zile, uso kaskazini. Safari hii alilielekeza kwa kusudi.

Akateka maji kisimani. Mkono ulikataa mara ya kwanza, kata ikabaki hewani. Kisha akayamimina ukosini, polepole, kama anavyonyweshwa mtoto.

"Kunywa, Baba Satsuki," alisema. "Daktari ameruhusu."

Baada ya kata chache maji yalishuka meusi. Alimimina tena, na tena, mpaka jiwe la chini likawa kama wino. Na jambo alilolikumbuka mpaka mwisho wa maisha yake ni hili: kata chache za mwanzo hazikudondosha tone. Alimimina, maji yakaingia, yakapotea.

Tangu siku hiyo alilimwagia asubuhi na mchana na jua lilipotua. Mtawa kijana, aliyekuja kila wiki kwa pikipiki ndogo kumsomea marehemu, aliona, akasimama, akakutanisha viganja akaomba dua fupi pale pale na kofia yake ya chuma kichwani.

*

Satsuki alifika siku ya arobaini na tisa mapema, na mvua. Aliita mlangoni, hakuitikiwa, akazunguka nyuma ya nyumba na mwavuli. Akamwona mama yake amesimama chini ya upenu, analimwagia maji jaketi la baba yake.

"Mama! Unafanya nini? Mama, jaketi langu!"

Alimnyang'anya kata. Jaketi lilikuwa limelegea, linachuruzika, halina rangi ya kutajika. Satsuki aliushika mkono wa jaketi, akaanza kulia kwa hasira. "Uliniahidi. Nimewaambia hata watu kazini. Kitu kimoja, Mama. Kitu kimoja tu nilikuomba."

"Na baba yako aliniomba kitu kimoja," alisema Hisae.

Akamweleza pale pale, mvua ikipiga paa. Alitegemea binti yake aseme kama alivyosema siku ya mazishi, siku hizi nani anafanya hayo. Satsuki hakusema hivyo. Uso wake ulibadilika, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa chumba cha pili.

"Jagi lilikuwa dirishani," alisema.

"Ndiyo."

"Jioni ile ulipokwenda kununua pamba mimi niliingia. Alikuwa analitazama. Nikaona anajitesa bure. Nikaliondoa, nikaliweka chini ya kitanda asilione." Akaufunga mwavuli. "Akanitazama, Mama. Akasema asante."

Hawakushikana wala kukumbatiana; hawakuwa watu wa hivyo. Satsuki aliinama, akateka maji kisimani kwa kata ya shangazi yake, akayainua kwa mikono miwili, akayamimina ukosini. "Baba, maji," alisema. "Samahani yamechelewa." Akamimina mpaka mama yake akamshika kiwiko, kwa sababu mtawa alikuwa ameshafika na Bi Tsuruyo alikuwa ameshaanza kumgombeza mtu mlangoni juu ya viatu vyenye matope.

Walikaa mbele ya madhabahu, mtawa akasoma, uvumba ukapanda. Mvua ilizidi, ikawa inakuja kwa mshazari, ikipiga ukuta wa nyuma kama mtu anayetupa mchele. Baada ya dua walikula tambi nene za moto, na Bi Tsuruyo alimwambia mtawa kwamba anasoma vizuri ila anameza mate kama aliyefukuzwa na mbwa. Watu wakacheka, wa kwanza mtawa mwenyewe. Hisae pia alicheka, kisha akakumbuka kwamba jaketi liko nje.

Alitoka kwa mlango wa jikoni, Satsuki nyuma yake. Upenu ulikuwa unamwaga maji kama pazia. Mwanzi ulikuwa umelowa. Kisima kilikuwa kimefurika, na lile jiwe lilikuwa limeoshwa likawa jeupe.

Jaketi lilikuwa kavu.

Hisae alilipapasa kwanza ukosi, kisha kifua, kisha bitana ya ndani. Lilikuwa kavu na laini, laini kuliko siku alipolimaliza kulishona, na ndani lilikuwa na joto kidogo, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Lilikuwa jeusi pia. Rangi aliyoiona ikichuruzika juu ya jiwe kwa siku zote zile ilikuwa imo, sawasawa, mgongoni na mabegani na mikononi. Mahali pamoja tu hapakushika: mstari wa rangi ya chai, kutoka ukosini kushuka kifuani mpaka karibu na mfuko.

Satsuki aliupitishia kidole mstari huo. "Hapa unaweza kuparudia?"

"Naweza," alisema Hisae. "Lakini sitapagusa."

Satsuki akalivaa. Mikono ilimzidi, akaikunja. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ganda la chungwa, akalinusa, akalirudisha. Bi Tsuruyo alikuwa amesimama mlangoni, tambi zikipoa katika bakuli lake.

Jioni, wageni walipoondoka, Satsuki naye, Hisae alibadilisha maji ya madhabahuni. Alikijaza kikombe mpaka ukingoni, zaidi ya desturi, akakiweka mbele ya picha.

Asubuhi alikwenda kukitazama kabla hata ya kunawa uso. Maji yalikuwa palepale ukingoni, yametulia, na sehemu ya dirisha ilionekana humo. Alikaa mbele yake muda mrefu, kwa sababu sasa alijua kwamba nyumbani hakuna mtu mwingine. Kisha akapiga kengele, akakishusha kikombe kwa mikono miwili, kama kinavyoshushwa chakula ambacho marehemu amekwisha kushiba, akayanywa maji yote.